Insha ya Mgane

Nyumbani,
9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tunapumua, na siku hizi hiyo tunaihesabu kuwa habari njema. Baba ana kile kikohozi chake unachokijua, kinachomjia mtu akimuuliza jambo asilotaka kujibu. Mvua zimeanza na dirisha la jikoni bado halifungi, nimeliziba kwa gunia. Wewe je? Wasichana wako wa bwenini wanakuacha ulale?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako imekuwa na tabia. Tukizungumzia hali ya hewa unasikika vizuri kabisa. Nikimtaja Baba, mtandao unakata. Karatasi haina mtandao, basi tujaribu.

Usiogope, leo sina habari za Baba. Nina shida ya chuo. Tulipewa insha: wanafunzi wa bweni waruhusiwe kuwa na simu au wasiruhusiwe? Nikaandika kwa moyo wote. Nikapanga hoja za wanaokubali, nikapanga hoja za wanaokataa, nikamaliza kwa kusema kila upande una ukweli wake. Nimepata kumi na moja kwa ishirini na tano. Chini mkufunzi ameandika kwa wino mwekundu: "Umezieleza hoja. Hujazipima."

Nikamfuata ofisini.

"Mwalimu, kupima hoja ndiyo nini?"

"Ni kuitathmini."

"Na kuitathmini?"

"Ni kuipima."

Nikamshukuru, nikatoka. Dada, wewe unafundisha insha kwa mwaka wa tisa sasa. Nisaidie kabla huyu bwana hajanizungusha hadi nianguke. Nikifeli somo hili hawanipeleki mazoezi ya kufundisha.

Baba anakusalimu. Amesema niandike hivyo tu, "anakusalimu", halafu akakohoa.

Mdogo wako

*

Shuleni,
27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na gunia. Mwambie fundi seremala arande dirisha upande wa chini, mbao zimevimba. Mimi mzima. Wasichana wawili wana surua, wengine wote wana kelele. Wiki hii niko zamu, naandika huku nikisikiliza nani anacheka baada ya kengele.

Sasa, hoja. Kosa lako ni la watu wengi na si la uvivu. Umewakaribisha wageni wote sebuleni, umewapa viti, umewatambulisha kwa adabu, kisha ukatoka nje ukawaacha wakitazamana. Kutambulisha ndiko kueleza. Kupima ni kukaa nao na kuwauliza maswali.

Chukua hii ya kwako: "Simu zinashusha alama, kwa sababu shule ya jirani iliruhusu simu na matokeo yakaporomoka." Kwanza uliza, ni kweli? Tuseme ni kweli. Usiishie hapo, hapo ndipo wengi wanapoweka kalamu chini. Uliza tena: ukweli huo unaweza kuubeba mzigo uliotwikwa? Mwaka huohuo shule ile iliondokewa na mwalimu wake wa hesabu. Basi huenda ni simu, huenda ni mwalimu, huenda ni vyote. Kwa hiyo usiandike "hoja hii ni dhaifu" ukakimbia. Dhaifu wapi? Andika: "Mfano huu unaonyesha kwamba simu na matokeo mabaya vilikuja pamoja, hauonyeshi kwamba kimoja kilikileta kingine. Tungejua zaidi kama tungetazama shule nyingine iliyoruhusu simu na walimu wake wakabaki." Msomaji akimaliza sentensi hizo anajua umefika wapi na umefikaje. Neno lako kubwa liwe "kwa sababu".

Jambo la pili, na hili naliona gumu hata kwangu. Hoja usiyoipenda iandike kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema, "Ndiyo, hivyo hasa ndivyo nilivyosema." Ukiinyong'onyeza kwanza halafu ukaishinda, hujashinda kitu, umempiga mgonjwa. Hakuna hoja iliyo ya kutupwa yote wala ya kumezwa yote. Sema ina nguvu hadi wapi, na inaishia wapi. Mwisho toa uamuzi. "Kila upande una ukweli wake" ni kukwepa kesi.

Andika nyingine, uniletee niione.

Msalimie Baba.

Dada yako

*

Nyumbani,
20 Machi

Dada,

Shikamoo. Seremala amekuja na dirisha linafunga, sasa moshi hautoki. Wenye surua wamepona?

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Mkufunzi ametupa nafasi ya kuandika upya, kwa mada ya kujichagulia. Rasimu yangu imo humu ndani. Utaona mada. Usiirudishe kwenye bahasha kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza, nakuomba.

"Je, mgane anapaswa kuoa tena?"

Nimechagua hiyo kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo. Tangu Januari Baba alipokupigia kukuambia anataka kumwoa Mama Sare, humu ndani hatuzungumzi tena, tunapishana. Najua ulimpa hoja tatu na kukata simu. Alinisimulia mwenyewe, hakujua azifanye nini. Mama Sare nadhani humjui vizuri, ulimwona mara moja tu, ile siku moja uliyopita hapa Desemba. Ndiye mwenye chumba cha kushonea sare za shule nyuma ya posta. Baba amemtengenezea vyerehani vyake miaka mingi, tangu Mama akiwa hai. Ni mjane. Ana mdomo. Siku anayoleta cherehani Baba huchana nywele, na wewe unajua zimebaki ngapi.

Nisomee kwa jicho la mwalimu.

Mdogo wako

*

Shuleni,
14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku baridi imeingia. Surua imekwisha, sasa ni chawa. Nimenunua kitana cha meno ya karibukaribu na nimekuwa adui wa bweni zima.

Rasimu nimeirudisha. Nimesahihisha alama za mkato, nyingi zilikuwa hazina kazi. Ukurasa wa pili umeandika "mgane" mara moja na "mjane" mara moja kwa mtu yuleyule. Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane. Aya ya nne ni ndefu, ikate.

Mengine yako sawa.

Msalimie Baba.

Dada yako

*

Nyumbani,
25 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole na chawa.

"Mengine yako sawa"? Dada, nimekuletea moyo wa Baba juu ya karatasi, wewe umeukagua alama za mkato!

Basi niruhusu nifanye ulivyonifundisha, kwa sauti, mbele yako. Hoja zako tatu.

Ulisema ni mapema mno. Mama ameondoka miaka miwili na nusu sasa. Ukisema mapema, mapema kwa kipimo cha nani? Hukusema. Hoja hii haina mguu mpaka useme.

Ulisema yule mama anataka nyumba. Ushahidi wako ni kwamba alipokaribishwa kwetu Desemba aliuliza ina vyumba vingapi. Ni kweli aliuliza, nilikuwepo. Lakini mtu anaweza kuuliza vyumba kwa sababu anavitaka, na anaweza kuuliza kwa sababu amekaa sebuleni, binti mkubwa wa mwenye nyumba anamtazama kama deni, na hana la kusema. Swali moja haliwezi kubeba mashtaka yote hayo.

Ulisema watu watasema nini. Watu walisema Mama alipougua, wakasema alipofariki, na hakuna aliyekuja kutuzibia dirisha.

Nimemaliza. Sasa habari. Mama Sare haji tena. Vyerehani vyake anavileta mchukuzi wa mkokoteni, na vikishatengenezwa vinarudi hivyohivyo. Nilikwenda kumuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siingii nyumba ambayo binti yake mmoja ananifungia mlango kwa ndani. Baba yenu nimemwambia asubiri mpaka binti huyo aseme." Baba hajamjibu, na wala hajakupigia. Ameacha kunyoa ndevu. Anakaa mbele ya cherehani kilichokwisha pona anaendelea kukikaza skrubu.

Ukimya wako unaamua, dada. Kama unataka kukataa, kataa kwa maneno.

Mdogo wako

*

Shuleni,
30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaiweka ndani ya daftari la mahudhurio, nikawa naifungua kila asubuhi nikiita majina. Nilikuandikia jibu siku ileile. Barua hiyo yangu niliichana, na mshukuru aliyenipa mikono ya kuchana.

Usinifanye insha. Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kwenye ile niliyochana. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha, basi nivumilie na mimi nikusahihishe, safari hii si alama za mkato.

Moja. Sikusema "watu watasema nini". Muulize Baba vizuri. Nilimuuliza, "Mama atasemwaje?" Yaani nani atamtaja humo ndani, akiwepo mtu ambaye kila akitajwa itabidi tuangalie uso wake? Umeichukua hoja yangu ukaivisha nguo za majirani, ukaipiga kofi. Nilikuonya kuhusu kumpiga mgonjwa.

Mbili. Kwenye insha yako yote hakuna mahali unaposema wewe unapata nini. Unampimia kila mtu nia yake: yangu, ya Baba, ya Mama Sare. Yako haimo. Ni nani anayepika humo ndani? Ni nani hawezi kuondoka? Msomaji makini angeuliza, nami nauliza.

Tatu ni yangu. Umesema hoja ya "mapema" haina mguu. Kweli, haina. Nimejaribu wiki nzima kuiwekea. Nikiandika "kwa sababu" kalamu inasimama.

Ninyi mlimuuguza, mkamwosha, mkamzika. Mimi nilipanda basi usiku uleule mliponipigia, daraja likawa limefunikwa na maji, nikafika kaburi limekwisha fukiwa na watu wanakunywa chai. Wakanipa kikombe. Nikashika kikombe, nikasema asante. Mpaka leo sijaona kitu chochote cha kuniambia kwamba hayupo, isipokuwa kwamba mlisema. Kwa hiyo huku mbali yeye yupo, anapepeta mchele jikoni, ananingoja nije likizo. Ndiyo maana siji likizo, na ile siku moja ya Desemba niliishia sebuleni, jikoni sikutia mguu. Na sasa Baba anataka kuleta mtu asimame palepale.

Hii siwezi kuitetea. Wala usiipime, tafadhali.

Dada yako

*

Nyumbani,
11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua nilipewa mlangoni na mtu wa posta, nikaisomea palepale, jirani akadhani tumefiwa.

Sikuipima. Nilikaa nayo tu. Nilikuwa nadhani umekasirika, miaka yote hii nilidhani unakasirika haraka kuliko sisi. Samahani, dada. Na kuhusu Mama atasemwaje, nilimuuliza Baba. Akasema ndiyo, hivyo hasa ndivyo ulivyosema, ni yeye aliyesikia vingine.

Haya, na mimi. Mazoezi ya kufundisha wamenipangia shule ya mbali, safari ya siku nzima, na mkuu wa shule ile ameandika kwamba nikimaliza vizuri ananitaka nibaki. Niliipata barua yake Machi, wiki ileile niliyokutumia rasimu. Sijamwambia Baba. Nilikuwa najiambia namtetea yeye. Ukweli ni kwamba nimechoka kuwa mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. Nampenda Baba, na nataka kuondoka, na nilitaka mtu aje ashike nafasi yangu ili niondoke bila kuangalia nyuma. Hiyo ndiyo aya iliyokosekana.

Nimeiandika. Nimeiweka mwanzoni kabisa: "Mwandishi wa insha hii ni binti wa mgane na ana faida yake katika jibu, hivyo msomaji ampime naye." Na yako nimeiandika upya kama ulivyoisema, mambo ya Mama kutajwa, nikakiri kwamba hiyo ina nguvu kuliko zote, na kwamba inachodai ni kwamba anayekuja awe mtu wa kuvumilia jina la Mama mezani, haidai kwamba asije mtu. Ya jikoni sikuiandika. Ile ni yako.

Nimepata ishirini na moja. Mkufunzi ameandika pembeni, "Sasa umekaa na wageni wako." Nilimwambia maneno hayo ni ya dada yangu. Akauliza kama umeolewa. Nikamjibu hilo alipime mwenyewe.

Naondoka tarehe mbili Agosti. Jana usiku nilimwambia Baba. Akaniuliza kama shule ile ina cherehani, maana walimu wapya hupewa sare za kurekebisha. Halafu akaenda kulala na taa ikiwaka.

Dada, atabaki peke yake.

Mdogo wako

*

Nyumbani,
22 Agosti

Mdogo wangu mwalimu,

Natumaini darasa lako halijakumeza. Wakipiga kelele usipandishe sauti, ishushe. Watanyamaza kusikia unasema nini. Kula vizuri. Afya yangu njema, na ukitazama juu ya karatasi hii utaona naandikia wapi. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni.

Niliomba likizo ya wiki mbili, nikafika Jumamosi mchana bila kumwambia mtu. Baba alikuwa amelala chali chini ya meza ya cherehani cha chuma, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasema hodi. Akasema, "Weka hapo mlangoni, kesho itakuwa tayari." Nikamwambia, "Baba, mimi si cherehani." Akatoka kwa kasi, akagonga kichwa, akasimama mbele yangu na mikono imejaa mafuta, hajui aiweke wapi. Nikamshika hivyohivyo. Blauzi yangu nyeupe ilikwisha, basi.

Niliingia jikoni. Nilisimama mlangoni muda, sitakuambia muda gani. Nilikuta sufuria zako zimepangwa, kanga yako imetundikwa, harufu ya vitunguu. Hakuwepo, mdogo wangu. Nililia mpaka nikaishiwa. Baba alikuja akakaa sakafuni pembeni yangu, akanisukumia kitambaa anachofutia mashine. Nacho kina mafuta. Ndipo nikacheka.

Jioni tulikwenda kaburini, mimi na yeye. Kuna nyasi fupi, zimeota vizuri.

Njiani kurudi nikamuuliza swali ambalo sote wawili hatukuwahi kumuuliza, pamoja na hoja zetu zote. "Baba, kwa nini unataka kuoa?"

Akatembea kidogo. "Mama yenu alikuwa ananibishia," akasema. "Miaka thelathini na mmoja. Nikisema hii skrubu imelegea, yeye aliyekuwa hajui skrubu anasema hapana, ni mkanda. Na mara nyingine ilikuwa mkanda! Alipoondoka, mdogo wako akawa mpole. Ndiyo Baba, sawa Baba. Wewe ukawa hupigi. Nyumba ikajaa ndiyo, mwanangu. Mtu anazeeka haraka akiambiwa ndiyo." Kisha akasema, "Yule mama ananibishia."

Jumatatu nikaenda nyuma ya posta. Alikuwa peke yake katikati ya kitambaa cha buluu, pini mdomoni. Alinitambua. Hakusimama.

"Umekuja kunikataza au kunipima?"

"Sijui bado," nikamjibu.

"Basi ukiwa hujui, shika futi hii. Nina magauni ya darasa zima na yanatakiwa kesho."

Nikashika. Nilisema mapindo yawe ya vidole viwili, akasema vinne, watoto wanarefuka. Nikasema mapindo ya vidole vinne yanaonekana mabaya. Akasema, "Kwa nani? Kwa mtoto, au kwa mwalimu anayekaa mbele?" Tukakata vinne.

Tulipokuwa tukikunja nikamuuliza wazi, ile siku aliulizia vyumba vya nini. Akatoa pini mdomoni. "Nilikuwa nahesabu vya kufagia. Nikaona ni vingi mno. Nyumba yenu siitaki, mwanangu, nina yangu ya vyumba viwili na fagio moja. Namwambia baba yenu ahamie kwangu, naye anakataa, anasema hawezi kuhamisha vyuma vyake. Tunabishana tangu Desemba. Hakukuambia?" Hakuniambia. Wala mimi sikuuliza. Nilimhukumu mtu kwa swali lake moja, na muda wote huo jibu lilikuwa nyuma ya posta.

Kisha akasema bila mimi kuuliza, "Mama yenu alikuwa akiniletea mashine mwenyewe, baba yenu akiwa na kazi nyingi. Alikuwa anaongea! Siku moja alinikosoa mfuko wa shati. Nilikasirika, nikaufumua baadaye. Alikuwa sahihi." Akacheka, akanitajia jina lake, lile la nyumbani tunalolitumia sisi. Nikajikuta namsimulia habari za Mama, na hakuna aliyehitaji kuangalia uso wa mwenziwe.

Usidhani nimekuwa mwepesi. Bado ni mapema. Ni mapema kwangu mimi, na hilo nimemwambia Baba hivyohivyo, na akaniambia ana nafasi ya kusubiri mtu ambaye anasema. Tumekubaliana ndoa iwe Desemba, likizo yako na yangu, ili safari hii nami niwepo.

Leo Mama Sare amekuja mwenyewe, cherehani mgongoni mwa mkokoteni na yeye mbele yake. Wako sebuleni. Amesema Baba akikataa kuhama, basi ukuta kati ya vyumba viwili vya nyuma uvunjwe, apunguze kufagia. Baba anasema ukuta ule unabeba paa. Yeye anasema haubebi. "Toa sababu!" nasikia Baba anapaza sauti, sauti ambayo sijaisikia humu tangu tulipokuwa watoto, na kitu kinagongwa mezani, nadhani ni bisibisi.

Sasa hivi wameniita nije niamue. Nimewajibu niko likizo.

Dada yako